Bango la Ngome ya Iwabuse na Moshi wa Mkunga

Kwa Bwana Otsubo,
Mkurugenzi wa Makumbusho ya Ngome.

Mheshimiwa,

Natumai barua hii itakufika salama, maana nitaiteremsha kwa kikapu na kamba. Tangu jana asubuhi nimejifungia ghorofa ya juu ya mnara, na sitoki mpaka uling'oe lile bango lako la langoni.

Mimi ni wa kizazi cha kumi na saba cha ukoo wa Narasaka, uliotawala ngome hii. Bango linasema kwamba babu yetu Mitsukage alipozingirwa, adui hawakurusha hata mshale mmoja. Walichoma samaki mkunga mia tatu kwa mchuzi wa soya, wakaupepea moshi kuelekea ngomeni, na siku ya tatu babu akafungua lango akiwa na vijiti vya kulia mkononi. Watalii wanacheka mpaka wanashikana mabega. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vijiti. Mjumbe wa adui alipobisha hodi, babu alikuwa mezani, akatoka navyo kwa haraka. Mtu aliye mezani ana njaa gani? Kwamba ghala lilikuwa tupu wiki nzima si hoja. Mtu muungwana hukaa mezani hata kama hakuna chakula.

2. Upepo. Mwezi ule upepo wetu hutoka milimani, kwa hiyo moshi uliwarudia adui wenyewe. Kama moshi ule huvunja mioyo, basi walioshindwa ni wao, nasi ni washindi kwa miaka mia nne bila kuambiwa.

3. Tamasha la vuli. Kila mwaka mnanivika deraya, mnanifungia ndani, mnachoma mkunga, nami nitoke mikono juu. Mwaka jana Bi Hatsue, muuza samaki, alipayuka mbele ya umati: "Mzee Narasaka, toka bwana, mkunga wako anaungua! Usijifanye huna pua!" Nilitoka kwa sababu magoti yaliniuma tu. Mtangazaji alisema nilivumilia dakika kumi na mbili. Zilikuwa kumi na tatu. Nyumbani mke wangu akaniambia, "Mwaka huu umejitahidi, mume wangu." Hilo liliniuma kuliko yote.

4. Kwa kuwa tulishinda (rejea namba 2), turudishiwe mlima, daraja na kituo cha treni. Mikunga wote waishio katika handaki la maji linalozunguka ngome watangazwe wasaliti.

Nilipanda na matonge kumi na mawili ya wali na figili za kuchachua. Yamebaki mawili, lakini Narasaka hanunuliwi kwa tumbo.

Nisalimie Bi Kuwabara wa tiketi, wafagiaji wa uani, na paka wa makumbusho. Bi Hatsue usimsalimie. Basi, msalimie, lakini kwa ubaridi.

Nisiyetikisika,
Narasaka Tokihiro

Tanbihi: Kabla sijateremsha kikapu, Bi Hatsue ameweka jiko la mkunga chini ya mnara na kuanza kupepea. Upepo unatoka kusini, moja kwa moja dirishani kwangu. Bango libaki kama lilivyo, ila andikeni "siku ya tatu" kwa herufi kubwa, maana leo ndiyo kwanza nimejua babu alikuwa shujaa wa namna gani. Nashuka. Vijiti ninavyo.