Madai ya Kurudishiwa Foleni ya Fimbo

Patrisi wa Buger,
Karatu.

Kwa Ndugu Mganga Mfawidhi, Daktari Adrian,
Zahanati yetu ya jirani na mnada.

YAH: KUOMBA MIADI IFUTWE NA FOLENI IRUDISHWE

Ndugu Daktari,

Pokea kwanza salamu zangu, na naomba uzipokee leo leo bila kunipangia tarehe ya kuzileta. Mimi ni yule mzee wa presha mwenye kofia ya sufu, ambaye ulimwambia apunguze chumvi na yeye akakuuliza wewe mke wako anapikaje. Natumaini umenikumbuka na umenisamehe.

Kwa kuwa umehamia kwetu juzi tu, nianze kwa kukuelimisha. Miaka yote siku ya kliniki ya presha sisi wazee tunafika kabla jua halijatoka. Kila mmoja analaza fimbo yake barazani, kuanzia mlangoni kurudi nyuma, moja baada ya nyingine. Fimbo ndiyo inayokaa kwenye foleni. Mwenyewe unakwenda kwenye benchi la ukutani, pale jua linapopiga mapema, unakunywa chai ya tangawizi ya Laurencia. Muuguzi Beatrice akifungua mlango anaokota fimbo ya mbele, anauliza, "Hii ya nani?" Mwenyewe anainuka. Basi. Hakuna aliyewahi kugombania nafasi, maana fimbo ya mtu inajulikana kuliko sura yake. Hata ndugu zetu wafugaji wa Olbalbal, ambao fimbo hawaiweki chini hata wakiwa wanakula, hapo kwetu walikuwa wanailaza kwa heshima zote.

Sasa umekuja wewe na miadi. Kila mgonjwa na siku yake, kila mgonjwa na saa yake, na meseji ya kumkumbusha. Nimevumilia. Nimeshindwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Meseji. Mimi sina simu, kwa hiyo Beatrice aliandika namba ya mke wangu Brigita. Meseji yako ilimkuta Brigita kwenye mazoezi ya kwaya, akiwa hana miwani, akampa Marsela wa sauti ya tatu amsomee. Marsela hajui kusoma polepole. Kwaya nzima ikajua kwamba Mzee Patrisi anakumbushwa kliniki ya presha, na kwamba asinywe pombe siku ya kwenda kupimwa. Jumapili nilipopita mbele kutoa sadaka, sauti ya tatu yote ilininusa.

2. Kuponywa haraka. Siku yangu ya kwanza ya miadi nilifika, nikaitwa, nikapimwa, nikapewa vidonge, nikatolewa. Chai ya Laurencia nilikuwa sijaipuliza hata ikapoa. Nilipokuwa narudi nyumbani nilikutana na jirani yangu Emilian, yule mwenye zizi kubwa, anaswaga ng'ombe wake kwenda malishoni. Akashangaa: "Mzee, hata hujaugua umesharudi?" Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Brigita aliangalia jua, akaniangalia mimi, akanipa jembe. Daktari, zamani siku ya kliniki ilikuwa siku nzima ya kuumwa. Sasa mmeniacha na mchana mzima wa kupalilia maharage, tena nikiwa na cheti cha kwamba naendelea vizuri.

3. Presha yenyewe. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ni mambo ya kitaalamu. Zamani nilipimwa baada ya kukaa benchini, nimecheka, nimetukana kidogo, nimetukanwa. Nikiingia kwa Beatrice moyo umetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Sasa nashuka kwenye bodaboda, vumbi bado liko puani, nafungwa ule mpira mkononi. Beatrice akasema, "Babu, imepanda." Nikamwambia, "Binti, haijapanda. Haijapewa muda wa kushuka." Akaniongezea kidonge. Kwa hiyo kidonge hicho ninachomeza kila siku, Daktari, kimechukua nafasi ya benchi. Naomba uniambie kipi ni rahisi kwa serikali, kidonge au ubao.

4. Tobiko. Haya mengine yote ningeyavumilia, lakini hili hapana.

Tobiko ni mzee wa Olbalbal. Miaka mingi iliyopita alikuja mnadani kuuza dume, akashikwa na kizunguzungu, akaletwa hapo kwetu akapewa kadi. Tangu siku hiyo amekataa kupimwa kwingine kokote, anasema presha yake imeshazoea ukuta wetu. Fimbo yake nyembamba na bakora yangu zimelala pamoja barazani miaka mingi kuliko ndoa nyingi za hapa Karatu. Ananiita ero, yaani kijana, ingawa mimi nimemzidi umri na mvi. Mimi namwambia watu wake wanakunywa maziwa mpaka wanasahau kutafuna. Yeye ananiambia watu wangu wanalima mpaka ng'ombe wanawaogopa. Tunaelezana habari za mifugo, yeye wake, mimi wangu. Idadi ya wangu siyo jambo la zahanati.

Sasa kliniki ya mwisho ya foleni, Tobiko alikuwa ananisimulia ujana wake. Mtamba wake mwekundu mwenye tumbo jeupe alipotea, akamfuata mpaka kwenye mteremko wa kreta. Akamkuta. Mtamba amesimama huku, simba amelala kule, na Tobiko yuko katikati, mkuki ameuacha nyumbani, mkononi ana kibuyu cha maziwa tu. Simba akainuka. Hapo hapo Beatrice akaokota fimbo, akaita, "Hii ya nani?" Ilikuwa ya Tobiko. Akainuka akaenda, na alipotoka lori la mifugo alilokuja nalo likawa linapiga honi.

Kliniki iliyofuata mkaleta miadi. Mimi mkanipa Jumanne, yeye mkampa siku ya mnada. Sijamwona tena.

Najua simba hakumla Tobiko, maana ndiye aliyekuwa ananisimulia. Wasiwasi wangu ni mtamba. Naamka alfajiri namuwaza. Napalilia namuwaza. Brigita ameniuliza mara kadhaa ni nani huyo mwekundu ninayemtaja usingizini, na maelezo ya tumbo jeupe hayakunisaidia.

Lakini niseme ukweli, Daktari, siyo mtamba peke yake. Kwenye umri huu mtu akikosekana kliniki mbili mfululizo, wenzake wanaanza kuulizana kwa sauti ya chini. Zamani nilikuwa naangalia barazani tu. Nikiiona ile fimbo nyembamba, basi mwenzangu yupo. Sasa naangalia sakafu imepigwa deki, inang'aa, haina habari yoyote.

5. Lori. Tobiko anasafiri na lori la mifugo. Lori hilo linaondoka likijaa na linafika likifika. Kumwambia mtu wa lori aje saa mbili kamili ni kumwonea dereva.

6. Sisi siyo watalii. Hapa Karatu tumezoea kuona wageni wanaobukiwa safari. Wana saa ya kuamka, saa ya kupita getini, saa ya kumwona faru, na wakichelewa kutoka wanatozwa. Tumewahurumia siku zote. Hatukujua na sisi tutafanyiwa hivyo hivyo, tena bila kuonyeshwa faru.

Na kama miadi ni jambo jema, basi tusiifanye nusunusu. Malaria nayo iandikiwe meseji ije baada ya mavuno. Jino langu liambiwe liume saa za kazi. Wajukuu wazaliwe kwa zamu. Na yule Malaika anayetuchukua sisi wazee apangiwe saa, na siku akija mumwambie kama mlivyoniambia mimi: "Babu, umewahi sana, kaa nje usubiri." Hapo nitakuwa wa kwanza kuunga mkono.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa unyenyekevu. Miadi ifutwe. Fimbo zirudi barazani. Benchi liandikwe kwenye daftari lako kama dawa, nusu siku kutwa mara moja, kabla ya kupimwa. Na usipokubali, mimi nitakuja kila siku ya kliniki, niwe na miadi nisiwe nayo, nitalaza bakora yangu mlangoni, na Beatrice akiuliza ya nani, nitanyamaza.

Nakutakia kazi njema. Msalimie Beatrice, mwambie sina kinyongo naye, mkono wake ni mwepesi, tatizo ni saa yake ya ukutani. Msalimie mlinzi. Msalimie Laurencia na birika lake. Salimia na mkeo, na hiyo chumvi.

Ni mimi mgonjwa wenu wa kudumu,
Patrisi.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado iko juu ya kabati, Brigita hajaniletea bahasha, mambo yakabadilika. Jana niko shambani, bodaboda ikasimama njiani. Nikaona shuka jekundu. Ni Tobiko! Lori liliwahi, akaingia kwa Beatrice saa yake ya miadi, akatoka jua bado changa, na lori haliondoki mpaka mnada ufungwe. Akaenda benchini akakuta hakuna mtu. Akamuuliza Laurencia, "Yule ero mwenye maneno mengi anakaa wapi?" Miaka yote hiyo ya foleni hakuwahi kufika kwangu, kwa sababu hatukuwahi kupata muda. Amekula makande ya Brigita, amemsifu, amekaa mpaka jioni. Simba, anasema, alisimama akasikiliza Tobiko anavyomuita mtamba, akachoka na kelele akaondoka. Mtamba alirudi nyumbani peke yake na alifika kabla yake. Mimi siamini hata neno moja, na nimelala vizuri.

Kwa hiyo, Daktari, miadi isiguswe. Ila kuna jambo dogo. Tobiko alisimama muda mrefu kwenye zizi langu, akawaangalia mbuzi wawili na yule ng'ombe wa Brigita, akaniuliza, "Ero, wale wengine wote wako malishoni?" Nikasema ndiyo. Akasema mwezi ujao atakuja tena, awasalimie. Naomba mkishampangia tarehe, mnitumie meseji mapema kwenye simu ya Brigita, hata akiwa kwaya. Mtumieni na Emilian, maana hao ng'ombe wa malishoni ni wake.