Kompyuta Iliyoshindwa Kutamka R

Jumatatu, 11 Agosti 2025. Masumbwe

Mdogo wangu Apolonia kaenda Mwadui kumuuguza mama mkwe. Stesheneri yake kaniachia mimi. Si mara ya kwanza mzigo wa watu kuniangukia mabegani. Nikiwa kijana kule mgodini mtambo wa kuchekecha mawe uligoma, mainjinia wakalia machozi. Mimi nikauzungumzisha tu. Ukawaka! Hakuna aliyenikumbuka hata kwa soda. Ndiyo shukrani ya dunia.

Kazi iliyopo: mtihani wa majaribio wa darasa la saba. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Paskalia, kauleta umeandikwa kwa mkono niuchape, anautaka Alhamisi. Apolonia kanipigia simu: kaka Luka, shule ile ndiyo inayonilisha, ukivuruga, Sostenes wa stesheneri ya ng'ambo ya barabara anaichukua. Nimemwambia alale usingizi.

Nikajimiminia chai ya maziwa. Kibodi nayo ikaonja. Kidogo tu. Nikaifuta kwa mkono wa shati.

Nikaanza kuchapa. Herufi R haitoki! Naandika "Taja bara kubwa kuliko yote duniani", kiooni inasomeka "Taja baa kubwa kuliko yote duniani". Naandika "Chora ramani ya Tanzania", inakuja "Choa amani ya Tanzania". Nimechoka, na hata swali la tatu sijafika.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempigia Noela, binti wa Apolonia, anasomea kompyuta Shinyanga mjini. Shikamoo mjomba, marahaba, tukaingia kwenye shida. Anasema magonjwa ya kompyuta ni mawili. Softwea ni akili, hadiwea ni mwili. Chomeka kibodi nyingine, mjomba: R ikitoka, mgonjwa ni kibodi, isipotoka, tatizo liko kwenye akili. Halafu kauliza kama nimemwaga kitu. Nikamwambia mtu mzima haulizwi hivyo. Akavuta pumzi ndefu, akasema yeye anahisi ni hadiwea.

Hadiwea ya karibu ni ya Donatus. Nikaenda. Nikaeleza shida ya R katikati ya saruji na mabati. Donatus akaniuliza nataka R ya inchi ngapi. Wateja walicheka mpaka mmoja akaketi kwenye ndoo ya rangi. Nikanunua bawaba, maana mwanaume hatoki dukani mikono mitupu.

Basi kama hadiwea hawana, ni softwea. Akili! Nikakaa nikafikiri, kwa kina, kama kawaida yangu. Mashine hii imezaliwa ughaibuni lakini imekulia Masumbwe. Kutwa inasikia "habali za asubuhi" na "naomba kuludufu kalatasi mbili". Sisi Wasukuma R hatunaga haja nayo. Mashine imetuiga! Noela kasoma miaka mitatu na hilo hakuliona.

Jumatano, 13 Agosti

Dawa: redio. Nimeiweka ubavuni mwa kibodi, sauti mpaka mwisho, isikie watangazaji wa Dar es Salaam wanavyoitetemesha R. Melania, jirani, alikuja kutoa kopi akauliza kuna msiba wa nani. Nikamjibu hapa ni darasani.

Adhuhuri nikaipima. R kimya. Na sasa ukibonyeza E moja zinatoka nne, na sisimizi wanachungulia kati ya herufi. Sisimizi ni dalili ya mvua. Nikaanua nguo.

Mpango wa pili: penye R naweka L. Nani atajua, mkoa mzima huu? Nikachapa ukurasa wa kwanza, E za ziada nikizifuta, safi kabisa. Juu kabisa pakasomeka: "Luka swali lililokushinda, uludi baadaye." Jina langu kwenye mtihani! Nilijisikia vizuri kidogo, baada ya siku tatu za mateso.

Mwalimu Paskalia akapita kukagua. Mama wa Bukoba, miwani puani. Akauliza huyu Luka aliyeshindwa na swali ni nani. Akaendelea mpaka "Taja bala kubwa kuliko yote duniani." Akanitazama weee. Akasema hilo jibu analo, liko mbele yake limevaa kandambili.

Kesho saa nne, kasema. Isipokuwa tayari, anavuka barabara.

Alhamisi, 14 Agosti

Shauri la Noela limenirudia: kibodi nyingine. Ila kumwomba Sostenes? Bora nile bawaba. Nikamwambia mgambo wanaikagua pikipiki yake nyuma ya soko. Akatoka mbio. Nikachomoa kibodi yake, nikamwekea yetu. Zinafanana kama mapacha.

Nikachomeka kwangu. R! R! Rrrrr! Nikapiga kigelegele mwenyewe. Redio imefanya kazi, ila ilichelewa kuingia damuni.

Sijamaliza hata ukurasa, nasikia Sostenes anapiga kelele ng'ambo. R yake imekufa. Ndipo nikaelewa: ugonjwa unaambukiza! Umevuka barabara! Utu ni utu, nikaenda kumpa pole na kumshauri kuhusu redio.

Saa nne ilishapita: Mwalimu Paskalia alikuwa pale pale, kaja na nakala yake ya mtihani. Sostenes akaigeuza kibodi juu chini. Ikadondoka sukari, wakadondoka sisimizi, na mgongoni pakaonekana mwandiko wa Apolonia kwa kalamu ya wino mzito: MAMA NOELA. Akasema, Mzee Luka, ugonjwa wenu umekuja na jina la mama yake.

Akavuka, akaichukua kibodi yake, akachomeka. R ikatoka mara ya kwanza. Mwalimu akamkabidhi mtihani. Na wa muhula ujao. Na ripoti za wazazi.

Ijumaa, 15 Agosti

Apolonia karudi. Nilitegemea matusi, nikajipanga kwa matusi. Hakutukana. Alikaa kwenye stuli akatazama ng'ambo, watoto wa shule wanabeba mabunda ya karatasi kutoka kwa Sostenes. Akasema, kwa sauti ndogo, kaka, nilikuachia kitu kimoja. Kisha akasema nisiguse tena chochote chenye waya, hata pasi.

Sikulala vizuri. Mgongo.

Jumapili, 17 Agosti

Nimepata njia ya kumfuta Apolonia machozi. Baada ya misa nimemkuta Philomena, karani wa parokia, analalamika: kompyuta ya ofisini inakuwa ya moto kama kikaango, feni yake inakoroma, na kila ikifika saa sita mchana inajizima. Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Hiyo ni softwea, mama, asilimia mia. Saa sita si ndiyo kengele ya Malaika wa Bwana? Mashine ya Kanisa, imekaa na mapadri miaka yote, inasikia kengele inanyamaza isali. Akili hiyo! Dawa ni kuisogeza kengele mpaka saa kumi, kazi zikiisha.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Paroko na hoja yangu, na nikamwomba, ikipona, kazi zote za parokia zije kwa Apolonia. Ameshika kichwa kwa mikono miwili. Anafikiria.