Shati Limenaswa, na Mama Mkwe Yuko Getini

Leo nimeaibika mbele ya mtu ambaye kwa desturi yetu sitakiwi hata kumtazama usoni. Kaeni vizuri niwaambie. Mimi mwenyewe nimeshindwa kukaa.

Mnanijua. Ni fundi wa makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, hapa Runzewe. Nyumbani situlii. Mke wangu, Mama Minza, anasema nina siafu ndani ya suruali. Kitu pekee kinachonikalisha chini ni msumeno wangu wa nakshi. Ni kimashine cha umeme, kina msumeno mwembamba kama uzi, unapanda na kushuka, unakata ubao kwa kona yoyote utakayo. Majirani wanakiita cherehani ya mbao. Nimekifunga kwa nati kwenye meza, na miguu ya meza nimeichimbia sakafuni, kwenye lililokuwa banda la kuku. (Kuku wanalala jikoni siku hizi. Msimuulize Mama Minza habari hizo.)

Sasa leo alikuwa anakuja mama mkwe kutoka Tinde. Mtoto wetu wa kwanza, Minza, ana wiki tatu. Mama mkwe alishasema mapema kwenye simu: anakuja kuangalia hali. Akikuta nyumba inaeleweka, mwanawe na mjukuu watabaki. Akikuta vurugu, anawabeba wote wawili wakalelewe kwake miezi mitatu.

Miezi mitatu! Siku mbili tu walizokaa hospitali nilipaka rangi mlango mmoja mara tatu, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Sitaki waende. Nasema wazi, sitaki.

Basi nikaamka mapema. Nikafagia uwanja. Nikafagia tena. Nikahamisha viti, nikaona havijakaa vizuri, nikavirudisha. Nikaenda barabarani kuangalia kama basi limefika, wakati basi lenyewe hata Kahama lilikuwa bado. Saa nne Mama Minza akachoka kuniona. Akanivisha shati la kitenge, refu, lenye mifuko miwili mikubwa huku chini, sare na gauni lake.

"Baba Minza, kaa hapo. Mama anafika saa nane. Usiguse kitu."

"Sigusi."

"Niapie."

"Haki ya Mungu sigusi."

Nikakaa. Nikavumilia, nadhani, hadi saa nne na nusu. Nilihesabu mabati yote ya sebuleni kwa kuyaangalia tu. Goti la kulia likaanza kucheza lenyewe. Kisha nikakumbuka kwamba zawadi ya mama mkwe haijaisha, na hapo nikawa nimekwisha mimi.

Zawadi yenyewe ni sanamu ya ng'ombe na ndama wake, ubao wa mninga, nimeikata wiki mbili. Ilikuwa imebaki nafasi moja tu ya kutoa, ile ya katikati ya miguu ya nyuma ya ng'ombe. Sasa sehemu ya katikati huwezi kuiingilia pembeni. Unatoboa tundu kwa drili, unafungua msumeno upande wa juu, unaupitisha kwenye tundu kutokea chini, halafu unaukaza tena. Kazi ya dakika tano. Mama Minza alikuwa ananyonyesha chumbani. Nikanyata.

Nikaweka ubao mezani, nikainama, nikasukuma msumeno kwenye tundu. Ukagoma. Nikasema hilo vumbi tu. Nikasukuma kwa nguvu, ukapita. (Halikuwa vumbi. Lilikuwa shati. Pindo lote lilikuwa limelala mezani chini ya ubao, na mimi nimelitoboa kwa juhudi zangu mwenyewe.) Nikakaza kwa spana ya L, nikaitia spana mfukoni, nikawasha.

Trrrrr! Shati likaondoka, na mimi nikalifuata. Tumbo likagonga meza. Kitambaa kikajisokota kwenye mkono wa chini wa mashine, vifungo viwili vikaruka. Kabla sijaifikia swichi, umeme ukakatika. Jamani, kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru umeme kukatika!

Na ni mimi huyu huyu ninayewafokea vijana kila siku kule kwenye makarasha: "Chomekea shati! Mashine haina shemeji!"

Nikavuta. Wapi. Nikatafuta spana nifungue msumeno. Spana iko mfuko wa kulia. Mfuko wa kulia uko chini ya ng'ombe, umebanwa, kidole hakipiti. Nikaanza kuzunguka meza kutafuta upenyo, nikagundua siwezi kuzunguka, nimefungwa kama mbuzi wa mnadani.

Hapo hapo nikasikia pikipiki inasimama getini.

"Hodi wenyewe!"

Saa tano! Mama mkwe alikuwa amepata lifti.

Kwa wasiojua mila zetu: mama mkwe humpi mkono, huketi naye chumba kimoja, huli naye. Akifika, mkwe unatoka, unachuchumaa kwa mbali, unainamisha macho, unamwamkia. Yeye anasimama akiwa amegeukia pembeni, anasubiri heshima yake. Na banda langu liko hatua kumi tu kutoka getini. Nikachungulia kwenye nyufa za mbao. Amesimama, kageukia ukuta, begi kichwani, anasubiri.

Mama Minza akatoka mbio na mtoto. "Karibu mama! Baba Minza! Baba Minza, mama amefika!"

Ningefanyaje? Nikapaza sauti kutoka bandani. "Shikamoo mama! Mwangaluka mayu!"

Begi likashushwa chini.

"Huyo ananisalimia akiwa wapi?" akamuuliza mwanawe. Mimi haniulizi, mimi ni mkwe.

"Yuko bandani, mama."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Ana mgeni huko?"

"Hana."

"Basi ana dharau. Fungasha nguo za mtoto."

Moyo ukashuka hadi kwenye kandambili. Mama Minza akaingia bandani kama askari, mtoto begani. Akaniangalia. Akaangalia shati. Akaangalia ng'ombe.

"Uliapa," akasema kwa sauti ya chini.

"Mke wangu, nisaidie kwanza, utanichukia baadaye."

"Vua shati."

"Nivue shati mama yako yuko pale?"

"Kageukia ukuta! Vua, nikuletee lingine, utoke umsalimie kabla hajapandisha begi langu kwenye pikipiki!"

Akatoka. Nikaanza kujitoa. Mkono wa kushoto ukatoka. Wa kulia ukakwama kiwikoni, kwa sababu upande wa kulia ndio uliomezwa. Nikaweka mguu mmoja juu ya meza nipate nguvu, nikavuta huku naguna. Nikaguna tena, kwa sauti zaidi. Mwishowe nikachomoka kwa kishindo, nikaangukia mgongo, bati la ukuta likalia bwaaa!

Nje nikasikia: "Mayu! Ameanguka huyu mtoto!"

Niseme ukweli, mama wa watu alikuwa na nia njema. Alidhani nimeumia. Akasahau mila, akasahau ukuta, akaja mwenyewe mbio, akasukuma mlango.

Nilikuwa sakafuni, kifua wazi. Nikainuka nitafute cha kujisitiri. Kitu cha karibu kilikuwa kiroba cha vumbi la mbao, nikakikumbatia. Kilikuwa kimechanika chini. Likaanza kunimwagikia kuanzia kitovuni, taratibu, na mimi nimeinamisha macho kwa heshima zote.

"Shikamoo mama," nikasema.

Hajajibu, umeme ukarudi.

Swichi sikuwa nimezima.

Trrrrr! Shati lile, peke yake, halina mtu ndani, likaanza kurukaruka juu ya meza. Mikono inapanda, mikono inashuka, kola inatikisa kichwa. Mama mkwe akapiga yowe nadhani wamelisikia Ushirombo. Nami nikapiga la kwangu, sijui kwa nini. Nikatupa kiroba, nikarukia swichi, nikazima. Nilipogeuka nilikuwa mbele yake ana kwa ana, kifua wazi, mweupe kama nimebingirishwa kwenye unga, na nikamtazama usoni. Mimi! Nikamtazama usoni! Akajifunika kanga na kutoka kinyumenyume.

Nikasubiri bandani. Nikatembea huku, nikatembea kule. Nilijua wanaondoka, nilijua kabisa, nikawa nasikilizia mlio wa pikipiki. Badala yake nikasikia kicheko kikubwa cha mtu mzima, kinakatika, kinaanza upya. Sijawahi kumsikia mama mkwe akicheka.

Mama Minza akaja na shati lingine. Macho mekundu, hata sijui ni kwa kulia au kwa kucheka.

"Mnaondoka lini?" nikamuuliza.

"Hatuondoki."

"Ee Mungu wangu, asante!"

"Subiri. Mama amesema hawezi kunichukua akakuacha hapa peke yako, utakufa. Na hawezi kutuacha na wewe bila mtu mzima ndani ya nyumba. Pikipiki amesharudisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo atakaa hapa. Miezi mitatu."

Mke wangu amebaki na mwanangu amebaki. Namshukuru Mungu. Ila mama mkwe amekaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, kampakata Minza, na njia ya kwenda chooni inapita mbele ya magoti yake. Nimo bandani tangu saa sita nasubiri ainuke. Ameagiza chai.

Atakayecheka, namwombea na yeye aletewe wa kwake, na begi lake.