Jino la Kale na Mate ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Mtaalamu amefika. Mwanamke mfupi, miwani mikubwa, masanduku ya vyombo mengi kuliko ya nguo. Amekuja kwa ajili ya meno. Yamebaki mawili tu kwenye taya la yule mtu wa kale aliyefukuliwa na wachimba msingi, ambaye mimi humpangusa vumbi kila asubuhi. Ndiyo kazi yangu hapa makumbusho. Kupangusa.

Ametukusanya wafanyakazi na majirani. Akasema atatoboa jino moja, atoe vinasaba, hiyo DNA, kisha alinganishe na mate yetu. Akaeleza kwamba kuna kinasaba kinachopita kwa mama peke yake. Mama humpa mtoto, awe wa kike au wa kiume, lakini ni binti tu anayekipitisha mbele. Ukikifuata unarudi nyuma mama kwa mama, hadi kwa watu ambao hawakujua hata kulima.

Funguo hakungoja amalize. Huyu ndiye mshika funguo za makabati yote, na kiburi chake hakina kabati la kukitosha. Alitangaza kwamba yeye hahitaji mashine. Akafumba macho, akataja babu zake saba bila kuvuta pumzi. Halafu akaniuliza mbele ya watu kwamba nyumbani kwetu tutapeleka mate ya nani, maana mama yangu hana kwao.

Watu walicheka. Nami nikacheka, nisionekane mnyonge. Iliniuma sana.

Jumatano, 5 Machi

Nimempelekea Mama kichupa cha kutemea mate. Kifua kinamsumbua, hainuki kitandani siku hizi.

Mama aliokotwa mlangoni pa zahanati, kitovu hakijakauka. Mkunga akamlea. Kila alikokwenda aliulizwa yeye wa nani. Shuleni waliuliza. Wakwe waliuliza, wakaendelea kuuliza hata baada ya mimi kuzaliwa. Hajawahi kuwa na jibu. Hubadilisha mazungumzo, husifu mboga.

Leo alipoelewa kichupa ni cha nini aliketi mwenyewe, bila kushikwa. Akauliza kama kweli mate yanaweza kusema watu wake ni nani. Nikamwambia ndiyo. Akasema angependa kujua kabla hajafa. Hata akipatikana mmoja tu. Hata kama ni mfupa, yeye hachagui. Akatema kwa bidii mpaka kichupa kikajaa.

Nimetoka machozi yananilengalenga. Njiani nikapata wazo baya. Je, jino likimkana? Mama akataliwe tena, na safari hii na maiti? Haiwezekani. Mwenye akili haachi jambo kama hili liende lenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango umefanikiwa! Nimemwambia Funguo kabati la taya lina vumbi kwa ndani. Akafungua, akasimama kunilinda kama askari. Nikamwomba, kwa unyenyekevu mkubwa, anitajie tena babu zake, maana Jumatatu sikuwasikia vizuri. Akafumba macho. Nilijua atafumba. Kufika babu wa tano, pamba yenye mate ya Mama ilikuwa imeshapita kwenye jino la mbele, juu, chini na kwenye ufa. Babu wa saba alinikuta napangusa kioo.

Mchana Mtaalamu amelitoa jino hilo hilo, akalifunga, na kichupa cha Mama nimemkabidhi kwa mikono miwili. Sasa damu yao ni moja, apende asipende mtu wa kale.

Ijumaa, 11 Aprili

Majibu yamekuja.

Mtaalamu alianza na Funguo, ambaye mwishowe naye alitema mate. Kwa upande wa mama zake, ametoka mbali kabisa na hapa, na si zamani sana. Funguo akauliza babu saba je. Mtaalamu akamjibu kwa upole kwamba wale babu nao walizaliwa na wanawake. Funguo akaanza kuhesabu funguo zake. Raha niliyoipata! Ilidumu mpaka Mtaalamu alipoongeza kwamba ukirudi nyuma vya kutosha, watu wote duniani wana mama mmoja wa mbali. Kwa hiyo Funguo ni ndugu yangu. Tumetazamana, hakuna aliyefurahi.

Kisha Mtaalamu akaniita chumbani peke yangu, akafunga mlango.

Akasema vinasaba vya kale huwa vimekatikakatika, kama nguo iliyoliwa na nondo. Kwenye jino amekuta hivyo, lakini amekuta na vingine vizima, vibichi, vya mwanamke aliye hai. Ni vya mama yangu. Akaniuliza kama nina la kusema. Nikajitia hamnazo. Nikasema labda ni undugu wa karibu sana. Akavua miwani, akanitazama mpaka nikakiri.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akasema katika vile vipande vilivyoliwa aliona alama kadhaa, chache, zinazofanana na za Mama. Inawezekana Mama na mtu wa kale ni wa tawi moja la akina mama. Inawezekana ni kweli kabisa. Lakini kwa kuwa mate ya Mama yamejaa jino zima, hawezi kuapa kwamba alama zile si mate yale yale. Hakuna mtaalamu mwenzake atakayemwamini.

Mama alikuwa amepata watu wake. Nimewafuta mwenyewe kwa pamba.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekwenda kwa Mama na uongo wangu tayari, kwamba mashine imeharibika. Amesema pole, kana kwamba mashine ni yangu. Amekonda. Akasema atangoja. Nilitaka kumwambia kweli, nikamsifia mboga.

Mtaalamu amenitafuta. Atatoboa jino la pili, la mwisho, na safari hii ameshika funguo yeye. Anataka na mate mapya ya Mama, kwa kuwa hakiamini tena kichupa kilichopita mikononi mwangu. Atakuja nyumbani mwenyewe. Nikamshukuru hadi akachoka. Nimekoma. Ujanja basi, naapa.

Jumanne, 15 Aprili

Amekuja. Kaniweka kwenye kiti cha karibu na mlango, akaniambia nisiguse kitu. Akamfafanulia Mama kila jambo, akasema mate yawe yake peke yake, ya watu wawili yakichanganyika hatayaamini, na kwamba hili ni jino la mwisho, likishindikana hakuna jingine. Mama akaitikia kwa heshima. Lakini zile dawa za kifua zimemkausha mdomo. Alijaribu, akapumzika, akajaribu tena. Mate hayakufika hata nusu ya kipimo, ule mstari wa kichupa. Mtaalamu akasema hakuna haraka. Simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea.

Mama akasinzia, kichupa mkononi.

Nilikaa pale nikimwangalia. Pumzi yake inakwaruza. Amengoja maisha yake yote, na sasa anakwama kwa sababu ya mate! Ndipo nikakumbuka somo. Mama humpa mtoto wake, awe wa kike au wa kiume. Basi alicho nacho yeye nami ninacho, kile kile, hakijapungua. Huu si ujanja. Hii ni sayansi, na Mtaalamu ndiye aliyenifundisha.

Nikainama, nikatema mpaka kwenye mstari. Sikugusa kitu.

Mtaalamu akarudi, akafurahi, akakifunga kichupa kwa mkono wake, akaondoka nacho. Mama akaamka akauliza kama kilijaa. Nikamwambia kilijaa, Mama, tena vizuri. Akatabasamu, akasema hakujua kama bado ana mate mengi hivyo.