Bando Haliivishi Makande

Ridhiwani, ambaye kijiwe kizima cha kahawa pale Mtaa wa Sikukuu kinamwita Gunia, alikuwa amenuna hata kabla ya kuketi. Mkaa ulikuwa umemdodea tangu asubuhi. Sasa Augustino, yaani Profesa Bando, kishafungua simu.

"Jamani, watafiti wanasema nyumba yenye intaneti inatoka haraka kwenye umaskini wa nishati. Watu wanajifunza mtandaoni, wanaachana na mkaa."

"Wanapikia nini? Bando?" Gunia akadakia. "Hebu nibandikie makande juu ya hiyo simu, tuone yataiva lini!"

Watu wakaangua kicheko. Arvind, mwenye duka la vyombo vya umeme, maarufu kama Soketi, akapuliza kahawa yake.

"Gunia, presha kuka ya umeme inakula umeme kiduchu tu. Maharage chap, tayari."

"Maharage yasiyonukia moshi ni chakula cha wodini! Na umeme ukikatika?"

"Si unarudi?"

"Enhe, unarudi. Wateja wangu wakikatika, nani atanirudishia?"

Hapo hakucheka mtu. Roho ilimuuma Gunia, na asivyopenda kuonewa huruma, akapandisha sauti.

"Kwangu intaneti haikanyagi jikoni! Maharage ya mke wangu Mwanne niliyowaletea jana si mlilamba vidole? Ule ndio mkaa, wanangu!"

Profesa na Soketi wakatazamana.

"Nini? Semeni!"

Gunia ana simu ya kitochi, mambo ya mtandaoni yanampita. Profesa akamgeuzia simu. Mwanne huyohuyo, mke wake wa ndoa, tangu jana anatamba kwenye ukurasa wake: "Mashosti, maharage ya nazi, presha kuka ya umeme! Hakuna kupepea, hakuna macho kuwasha!" Wateja wa Gunia karibu wote walikuwa wameshamwaga makopakopa ya kupenda chini ya picha.

"Kanunua wapi hiyo?"

Soketi akainamia kikombe. "Shemeji alisema nisikwambie."

"Mnafiki mkubwa wewe!"

"Usilie, kaka," Profesa akasema, akikuza picha. "Mkaa wako bado una kazi jikoni. Tazama presha kuka imekaa juu ya nini."

Gunia akakodoa macho. Lilikuwa gunia lake mwenyewe la mkaa, limejaa pomoni, limetandikwa kitenge.

Akainuka, akajikung'uta suruali.

"Unaenda kugomba?" Soketi akauliza kwa woga.

"Kugomba nini? Naenda kula, kabla umeme haujakatika."