Jinsi ya Kukosa kwa Ustadi

Jumatatu, 3 Novemba
Mwalimu wa fizikia kaja na mtindo mpya. Maswali kumi ukutani, kila mtu anajibu kimya kwenye kishikwambi chake. Nani kapata na nani kakosa, anaona mwalimu peke yake. Kisha aliyekosa anaketishwa na aliyepata, aelezwe dakika tano, halafu wanajibu tena. Anasema mashine ni ya kuonyesha nani kakwama wapi, kazi ya kufundishana ni yetu.
Mimi nimesikia kimoja tu: aliyekosa anaketishwa na aliyepata. Na Dirisha hupata siku zote! Dirisha ni yule binti anayekaa dirishani. Tangu mwaka jana nimemwambia maneno mawili: samahani, na samahani. Ijumaa anahama, baba yake kapewa uhamisho.
Nitakosa.

Jumanne, 4 Novemba
Nimekosa yote kumi. Safi kabisa! Mwalimu akatazama skrini, akanitazama, akaja kukaa nami mwenyewe. Kipindi kizima. Akauliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo. Dirisha akapewa Domo, ambaye hukosa bila hata kujitahidi. Walicheka mara tatu.

Jumatano, 5 Novemba
Mama kapigiwa simu na shule. Dada akamwambia aniache tu, mtoto wa watu kapenda. Nikapaliwa na maji.
Mpango mpya: kukosa moja tu, lile gumu. Nikakosa. Lahaula, na Dirisha naye kakosa! Yeye akapelekwa kona ya mbali kwa mwingine aliyepata, mimi kwa Domo. Domo kapata! Akanieleza huku akiniita mwanangu. Kinachouma ni kwamba alieleza vizuri.

Ijumaa, 7 Novemba
Mapumziko, Dirisha kaja mwenyewe hadi dawatini kwangu, daftari mkononi. Akaniuliza si mimi niliyekuwa napata yote muhula uliopita, basi nimweleze lile la juzi, bado halijamwingia. Nalijua hata usingizini! Nasoma kwa lugha mbili, zote zikanikimbia. Nikamwambia tungoje kipindi, mwalimu atatupanga. Akasema haya bwana. Akasimama kidogo. Akaenda kwa Domo.
Kipindini nikajibu yote sawasawa, nikiomba akose. Akapata yote. Aliyepata haketishwi na aliyepata.
Saa nane kaondoka. Alinipungia mkono. Nadhani ni mimi.
Nimekaa, nimefikiri, kosa langu nimeliona. Kumi ni mengi, moja ni kidogo. Ilitakiwa nikose matatu.