Tela la Kulalia la Fundi Milango

Gazeti lilikuwa la juzi, lakini kwenye benchi la muuza chai habari haichachi. Redio, kinyozi ambaye mdomo wake hauna pa kuzimia, aliisoma kama anatangaza vita: "Mstaafu ageuza tela la mizigo kuwa nyumba, azunguka na mkewe mwaka mzima!"

"Mwaka mzima ndani ya tela na mke?" Spana, fundi magari, aliacha kikombe hewani. "Huyo hajastaafu kazi, kastaafu akili."

Vipimo akakohoa. Vipimo ni fundi milango. Jina hilo alipewa siku alipompelekea mteja mlango, ikabidi ukuta ndio ukatwe.

"Mimi pia ninalo," akasema. "Lile pale, chini ya turubai. Zamani lilibeba simenti. Leo namkabidhi shemeji yenu."

Wakageuka. Miezi mitatu wamekaa wameligeuzia mgongo, wakidhani ni banda la kuku.

"Tela la simenti!" Redio akapiga paja. "Shemeji atalala au atafyatua matofali?"

Kijiwe kikacheka mpaka benchi likalia. Vipimo naye akacheka, tena kuwazidi, maana pale usipojicheka mwenyewe utachekwa peke yako. Miaka kumi na sita mkewe anashona sare za shule, na hajawahi kulala nje ya kwao isipokuwa wodi ya wazazi. Kila mwaka Vipimo humwahidi mapumziko. Juma lililopita mama watoto alimwambia kwa upole, na upole ule ndio uliouma: "Baba, usiniahidi tena. Nionyeshe." Saa kumi na moja angekuja kuona. Akiguna tu, tela linarudi kwenye simenti na Vipimo hatathubutu kufungua tena mdomo wake kuahidi.

"Tukalikague kabla hajafika," akasema Spana. "Tukuokoe na aibu."

Wakajipenyeza ndani wote watatu, magoti kwa magoti. Mlikuwa na kitanda, kabati, meza ya kukunjia ukutani, dumu la maji, na pazia lenye pindo linalopanda mlima.

"Pazia kashona nani?"

"Mimi. Nilikuwa namficha shemeji yenu."

"Ungemficha na pazia lenyewe."

Redio akajilaza. "Kaka, miguu yangu imeingia kabatini."

"Ndiyo kazi ya kabati."

"Na mtu akitaka kugeuka?"

"Mnageuka pamoja. Mnakubaliana kwanza."

"Basi wakinuniana hakuna kulala!"

"Tuone mlango," akasema Spana. "Mlango wa fundi milango lazima ubamizwe." Akaubamiza. Kla! Komeo la chuma la nje likaanguka mahali pake.

Spana akausukuma. Haukutikisika.

"Fungua," akasema Redio.

"Kitasa cha ndani kiko wapi?" Spana akapapasa ubao mtupu.

Vipimo akajifuta jasho. "Mimi natengeneza mlango tu. Kitasa hununua mteja. Ndivyo nilivyofanya kazi maisha yangu yote."

"Na mteja hapa ni nani?"

Vipimo akahesabu vidole vyake vya miguu. "Mimi."

"Watu wazima watatu," Spana akasema polepole, "tumefungiwa na mlango wa mmoja wetu."

"Habari hii haitoki humu," akaapa Redio.

"Hata ikitaka, itatokea wapi?"

Nje, hatua zikasimama. "Mumeo yumo humo na wenzake," muuza chai alikuwa anasema. "Nilitaka kuwafungulia, nikaona wacha kwanza nipumzishe masikio."

"Baba?"

"Naam, mama watoto."

"Hewa ipo?"

"Ipo. Nimetoboa tundu."

"Maji?"

"Yapo."

"Na mlango umefunga sawasawa." Akaligusa komeo. "Kazi nzuri. Basi ngojeni."

"Shemeji, tunakuomba!" Redio akalia. "Nina mteja nimemnyoa upande mmoja!"

Vipimo akabandika jicho kwenye tundu. Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi, katikati, pale wanapogombania kila siku. Akavua viatu. Akanyoosha miguu. Ule wa kulia ukaendelea kupigapiga chini, kama bado uko kwenye pedali ya cherehani, ukapunguza, ukatulia. Muuza chai akampa kikombe. Akakishika kwa mikono yote miwili, akafumba macho, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo Vipimo alikuwa ameisahau.

Spana akavuta pumzi ili apige ukelele. Vipimo akamziba mdomo.

"Wee! Usithubutu."

"Tutakaa humu mpaka lini?" Redio akanong'ona.

Vipimo akachungulia tena. Muuza chai alikuwa anamwongeza cha pili.

"Sijui," akasema, huku akijibanza vizuri kwenye kona ya kitanda. "Shemeji yenu yuko likizo. Ongeeni polepole."